Gari ya auto inashuka ukiwa umeweka P? Anza na kebo kabla hujashusha gia boksi

Juzi dogo mmoja jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma, kapaki Toyota IST yake kwenye mteremko, kaweka P (gia ya kupaki), kazima, anafungua buti gari ikaanza kushuka yenyewe, bahati ikagota kwenye jiwe. Fundi wa kwanza kamwambia gia boksi imekufa, atafute nyingine. Nikamwambia dogo, mdogo wangu, usitoe hela, ilete kwanza tuiangalie.

1. Mawe. Makubwa, matairi yote ya nyuma, mbele na nyuma ya tairi, na hendibreki juu. P ndo mgonjwa, usiingie chini kwa kuitegemea.

2. Pima. Mteremko mdogo, jiwe la mbele lisogeze nusu mita, mtu akae na mguu kwenye breki, aweke P, ashushe hendibreki, aachie breki taratibu. Ikisogea kidogo ikagota, hiyo ni kawaida, kwenye P kuna ulimi wa chuma unaingia kwenye meno ya gia ndani ya boksi na lazima utafute jino. Ikiendelea kushuka, au ukisikia krrr krrr, kanyaga breki, tatizo lipo.

3. Kebo. Hapa tulia, mimi mwaka jana hii hatua ilinila mchana mzima kwenye gari nyingine. Liva ya ndani inavuta kebo, kebo inavuta mkono ulioko kwenye gia boksi, na mwisho wa kebo kuna bushi, kile kipete kinachoishika kebo kwenye mkono. Bushi ikiisha au kebo ikilegea, liva inafika P ila mkono wa kule chini haujafika, kwa hiyo ulimi haujaingia au umeingia nusu. Kosa langu niliamini taa ya P kwenye dashibodi, maana gari nyingi taa ile inatoka kwenye swichi ya pale kwenye boksi, nikasema taa inawaka basi mkono umefika, kumbe kuna mtu alishalegeza bolti za ile swichi na ikakaa upande, taa inasema P na boksi haiko P. Kwa hiyo taa isikuamulie. Chomoa kebo kwenye mkono (mara nyingi uko usawa wa chini ya eya klina), usukume mkono wenyewe mpaka mwisho wa upande wa P, kisha rudia kipimo cha hatua ya 2. Ikishika, boksi nzima, shida ni kebo, bushi au kurekebisha tu. Kwenye Toyota za kebo rudisha mkono noch (hatua) mbili kutoka P uwe N (huru), liva ya ndani nayo weka N, mtu aishike akiibana kidogo kuelekea R, ndo ukaze nati. Halafu hakikisha injini inawaka kwenye P na N tu, na taa za rivasi zinawaka ukiweka R. Bushi nunua, tafadhali, usifunge waya wala mpira wa tyubu, nimeona vikichomoka njiani na gari imejaa watoto.

4. Ikigoma hata kwa mkono, angalia shafti (vyuma vinavyotoka kwenye boksi kwenda kwenye matairi). Nyanyua matairi yote mawili ya mbele, weka stendi (jeki peke yake hapana), gari iwe P, zungusha tairi moja. La pili likizunguka kinyume, shafti ziko sawa, ila hiyo peke yake haithibitishi kuwa ulimi umeshika. La pili likitulia, huenda shafti imekatika au imechomoka. Yakizunguka upande mmoja, ulimi haushiki. Usijaribu kwa kunyanyua tairi moja tu, difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) inaruhusu lile la juu lizunguke na gari ikaondoka. Wenye foo wili yenye liva ya pili, kagua kama haijakaa N.

5. Sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Mwaga oili, tazama sumaku iliyo ndani yake. Tope la kijivu laini ni kawaida, vipande vya chuma ndo hapo sasa boksi inafunguliwa.

Ya dogo ilikuwa bushi, imeisha kabisa. Tumeweka mpya, tukapima tena kwenye mteremko uleule, imegota.