Feni ya AC ya gari inapuliza namba ya mwisho tu? Cheki rezista

Wakuu, joto la huku Mtwara mnalijua, sasa kama feni ya AC inapuliza namba ya mwisho tu na zile za chini kimya, usikimbilie kujaza gesi, mara nyingi rezista ya feni (kile kidude kinachopunguza umeme ili feni ipulize polepole) imeungua. Zima gari, chomoa waya hasi wa betri, toa droo ya upande wa abiria, gari nyingi utaikuta hapo karibu na mota ya feni, imeshikwa na skrubu mbili. Soketi yake ikiwa imeyeyuka badilisha nayo jamani, ukiiacha, rezista mpya itaungua tena. Na filta ya hewa ya AC safisha, maana rezista inapozwa na hewa hiyohiyo. Dukani nenda na ile ya zamani ufananishe pini.