Ukikutana na "get", tazama neno linalofuata

Wengi wanaojifunza Kiingereza hukariri kwamba "get" ni kupata, kisha hukwama kwenye "I got home late", nilichelewa kufika nyumbani ("got" ni "get" ya wakati uliopita). Usikitafsiri kitenzi hiki peke yake, angalia kinachokifuata. Kikifuatwa na kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kwenda kuchukua. Kikifuatwa na mahali, ni kufika. Kikifuatwa na kivumishi, hali inabadilika, na hapo Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi chake kimoja tayari: "get old" ni kuzeeka, "get tired" kuchoka, "get drunk" kulewa. Kwa hiyo tafadhali tusiandike "kupata uzee". Na "get paid" ni kulipwa tu.

Asili yake inapendeza. Kilikuja na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao kilikuwa "geta", yaani kupata au kufikia. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, ila alijificha ndani ya vitenzi vingine, na tunamwona hadi leo katika "forget", kusahau, na "beget", kuzaa.

Jambo moja la kushika ukiongea na Wamarekani: wao wanatofautisha "I've got a car", nina gari, na "I've gotten a car", nimepata gari. Uingereza "gotten" imefifia sana, ingawa "forgotten" wanaitumia kila siku.