Umepewa taasisi ya utafiti wa uchumi uiongoze? Anza na kalenda ya korosho

Mi sio profesa, nimebeba tu madodoso misimu kadhaa huku Tandahimba na Newala, wilaya za korosho mkoani Mtwara, nikiwakusanyia data watafiti wa Dar, kwaiyo nnachoandika nimekiona kutokea chini. We ukija kukalia kiti cha mkurugenzi kwenye taasisi za aina ya REPOA au ESRF, shika haya.

Kalenda kwanza, maana hapa ndo wengi wanachemka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, bajeti inasomwa Dodoma Juni, ila wizara zinakua zishaanza kupanga miezi kibao kabla, sasa we unazindua ripoti Mei ukumbini na juisi na fulana, unaongea na watu walioshafunga mahesabu! Hesabu kinyumenyume. Unataka ushuru wa korosho ujadiliwe bajeti ijayo? Karatasi ya kurasa 2 iwe mezani Novemba (mbili tu, hamna katibu mkuu wa kusoma 90), na data uje uchukue Mei mvua zikikata, kabla watu hawajazama kwenye kupuliza salfa (dawa ya ukungu wa mikorosho). Oktoba usimtume mtu kijijini, mkulima ana mawazo ya mnada na mzigo wake uko AMCOS (chama cha ushirika cha msingi), atakujibu chochote ilimradi uondoke.

Afu uwe na majibu kabla ya maswali. Chukua 2018. Juni Bunge linapitisha ushuru wa korosho ghafi zinazoenda nje uingie wote Mfuko Mkuu wa Serikali, wakati zamani 65% ilikua inarudi kwenye zao, Novemba serikali inakataa bei za wanunuzi inasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo na jeshi linabeba. Siku kama ile hakuna anayempigia mkurugenzi kuuliza nadharia, anaulizwa tani ngapi, maghala yanatosha, hela inatoka wapi na inamfikia mkulima lini. Kama hukuagiza kazi hiyo miezi 6 nyuma basi kaa kimya tu bosi wangu, utaongea kama sisi wa vijiweni.

Na ujifunze kusema "bado". Wazee wa Nachingwea wanaijua habari ya karanga, Waingereza 1946 walituma timu ikazunguka wiki 9 tu ikasema mpango unalipa, 1947 kazi ikaanza, 1951 wakafunga na pauni kama milioni 36 zimeenda na maji. Bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea vilijengwa kwa ajili hiyo, bandari tunayo, reli waling'oa. Waziri akikubana utoe jibu Ijumaa, mwambie unachokijua kwa data ulizonazo, na kile ambacho hujapima mwambie hujapima, hata akinuna.

Hela za wafadhili pokea, ila tenga fungu la maswali yako mwenyewe, la sivyo mwaka huu mtatafiti jinsia, mwakani tabianchi, mwaka wa tatu hamjui mnatafiti nini. Vibali na kuripoti kwa mtendaji wa kijiji sina haja ya kusema, mnajua.

Kinachonikera mimi ni kutorudisha majibu kwa wanaohojiwa, na kwenye bajeti za utafiti fungu hilo ndo linakatwaga la kwanza. Kuna taasisi, jina silitaji, ilinituma kwa mzee mmoja huyohuyo misimu mitatu na maswali yaleyale. Mwaka wa kwanza alinihesabia mikorosho yote mti kwa mti tukitembea shambani, wa pili akasema ipo 200, wa tatu akasema 40, na shamba nalijua halijapungua hata mti. Nikamuuliza, babu vipi tena? Akanivutia mkeka, "Kaa mjukuu wangu. Nisomee kwanza walichoandika mwaka ule wa kwanza, afu ndo nikujibu." Sikua nacho, ofisini hawakuwahi kunipa hata nakala, nikanywa chai yake nikarudi Mtwara mjini na dodoso jeupe.