Kulea Watoto Wadogo Wakati Mwenzi Wako Yuko Kikosini

Mtoto wa miaka mitatu hajui mwezi ni kitu gani. Ukimwambia kwamba baba yake atarudi baada ya miezi sita, ataitikia vizuri kabisa, na kesho yake asubuhi utamkuta amesimama mlangoni akimsubiri. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mke au mume wa askari anayebaki nyumbani na watoto ambao bado hawajafikia umri wa shule, na msingi wake ni mmoja: mtoto mdogo huelewa kile anachokiona, anachokishika na kinachojirudia kila siku, hivyo uhusiano wake na mzazi aliye mbali hujengwa kwa mambo madogo yanayofanyika kila siku kwa saa ile ile. Nitasema "baba" kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na mume wangu ndiye aliyekwenda, lakini yote yanamhusu vilevile mama aliye mwanajeshi.

Kabla ya kuondoka

Amri ikishatoka, swali la kwanza ni lini mtoto aambiwe. Akiambiwa mapema mno, ataishi na hofu kwa muda mrefu asioweza kuupima. Akiambiwa usiku wa kuamkia safari, atashtuka. Kwa mtoto wa miaka miwili, siku mbili au tatu zinatosha. Wa miaka minne au mitano apewe wiki moja au mbili, kwa sababu atahitaji kuuliza swali lile lile mara nyingi, na kila mara ajibiwe kwa maneno yale yale. Maneno yenyewe yawe ya kweli na mafupi: "Baba anakwenda kufanya kazi ya jeshi mahali pa mbali, atalala huko siku nyingi, na kazi ikiisha atarudi." Usiseme tu kwamba "amekwenda kazini", kwa maana siku utakayoaga wewe kwenda kazini, mtoto atakushika nguo akilia, akiamini kwamba nawe hutarudi kwa siku nyingi. Ongeza sentensi moja ambayo wazazi wengi huisahau: "Hakuna kosa ulilofanya." Watoto wa umri huu huamini kwa urahisi kwamba wao ndio chanzo cha mambo yanayotokea, na mtoto aliyegombezwa na baba yake jana anaweza kukaa na moyo mzito kwa wiki kadhaa akidhani ndiye aliyemfukuza.

Baba asiondoke kwa kunyemelea alfajiri watoto wakiwa wamelala, hata kama nia ni kuwaepusha na machozi. Mtoto aliyeamka akakuta mtu hayupo hujifunza kwamba usingizi ni hatari, na wewe ndiye utakayehangaika naye usiku kwa mwezi mzima. Ni afadhali aamshwe, akumbatiwe, alie, kisha apungiwe mkono.

Wiki hizo za mwisho nyumba nyingi huwa na ugomvi usioeleweka chanzo chake. Mwaka 1987 Kathleen Vestal Logan, aliyechunguza maisha ya wake wa wanamaji wa Marekani, alieleza hatua saba ambazo moyo hupitia kabla ya safari ya mwenzi, wakati wa safari na baada yake, na mojawapo ya zile za mwanzo ni ya wanandoa kujitenga polepole hata kabla ya kuagana mlangoni. Kulijua hilo kulinisaidia sana, kwani niliacha kuuchukulia ukimya wa mume wangu kama dalili ya kutopendwa. Mkizozana, mtoto asiwe msikilizaji.

Yako pia mambo ya makaratasi, ambayo ni ya kuchosha lakini hayasubiri: hati ya kisheria inayokuruhusu kutenda kwa niaba ya mwenzi wako, wosia, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, karatasi za bima, na namba ya ofisi ya kikosi inayoshughulikia familia. Viweke vyote katika bahasha moja. Jioni moja, baba akae na simu arekodi sauti yake akisimulia hadithi tatu au nne, taratibu, akimtaja mtoto kwa jina. Rekodi hizo utazitumia kuliko kitu kingine chochote atakachoacha, labda isipokuwa fulana yake moja ambayo haijafuliwa, utakayoivisha mto wa mtoto.

Siku za katikati

Nyumbani kwetu kulikuwa na chupa ya kioo na mfuko wa vifungo vya shati. Kila jioni, baada ya kuoga na kabla ya hadithi, binti yangu alichukua kifungo kimoja, akakisogeza karibu na jicho, akakidondosha ndani ya chupa na kusikiliza kinavyogonga, kisha akasema, "Baba, leo imekwisha." Nilichokuwa nimejifunza kwa uchungu katika safari ya kwanza ni kuhesabu siku zilizopita, wala si zilizobaki. Tarehe za jeshi husogezwa, na mtoto aliyekuwa akipunguza hesabu kuelekea siku fulani, siku hiyo ikafika bila baba, huona amedanganywa na wazazi wote wawili. Kwa sababu hiyohiyo usimtajie tarehe ya kurudi hadi mwenzi wako awe ameshaanza safari ya kuja. Kama una mtoto mchanga zaidi ndani ya nyumba, vifungo vikae juu asikoweza kufika, maana anaweza kukabwa navyo.

Katika simu ya picha, mtoto wa miaka miwili huvumilia dakika mbili au tatu tu, kisha hukimbia. Msimlazimishe, wala baba asihuzunike. Badala ya kumwamrisha mtoto azungumze, iwekeni simu mahali penye mchezo, baba atazame anavyochora au anavyopanga vitu, aseme neno moja moja. Mtandao ukikosekana kwa siku nyingi, jambo la kawaida kwa askari aliye kazini, mruhusu mtoto achore, mpige picha mchoro huo, na uutume hata kama jibu litachelewa.

Usimtumie baba kama kitisho. "Subiri, nitamwambia baba yako akirudi" ni sentensi inayotoka mdomoni kwa urahisi jioni ukiwa umechoka, lakini inamfanya mtoto aogope siku ile ile anayopaswa kuisubiri kwa furaha. Mamlaka ya nyumba yabaki kwako, na sheria za kulala, kula na kuoga zisilegezwe kwa huruma, kwa sababu ratiba ndiyo inayomhakikishia mtoto kwamba ulimwengu wake bado umesimama.

Tarajia kurudi nyuma. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena, na anayezungumza vizuri akaongea kitoto. Badilisha shuka bila maneno, mkumbatie, endelea. Dalili kama kukataa chakula, kukosa usingizi au kujipiga zikidumu kwa wiki kadhaa bila kupungua, mpeleke kwa daktari wa watoto na umweleze kwamba mzazi mmoja yuko safarini kijeshi. Zima taarifa za habari watoto wakiwa macho. Akikuuliza kama baba atakufa, usiahidi kisichokuwa mikononi mwako; sema kwamba baba amefunzwa vizuri, yuko na wenzake wanaolindana, na wewe uko hapa kumtunza yeye. Nilipojibu hivyo mara ya kwanza sauti yangu ilitetemeka, na mtoto akaridhika akaenda kucheza.

Usiandike mtandaoni mahali alipo, jina la kikosi chake wala siku anayosafiri, hata kwa ndugu wa karibu katika makundi ya simu. Ni kwa usalama wake na wa wenzake, na pia wa nyumba ambayo sasa ina mtu mzima mmoja tu.

Kuhusu wewe mwenyewe, nitakuuliza jambo moja tu: ukipata homa kali saa nane usiku, nani atakuja kushika watoto? Jibu liwe na majina matatu ya watu, yaliyoandikwa na kubandikwa mahali panapoonekana, nao wawe wamekubali kabla ya siku hiyo. Mke au mume mwingine wa askari wa jirani ndiye msaada mkubwa kuliko wote, kwa kuwa hahitaji kuelezwa chochote.

Ikitokea familia nzima imehamishiwa kambi nyingine, begi la mtoto lifungwe mwisho na lifunguliwe kwanza, na kitanda chake kitandikwe kabla ya sebule kupangwa.

Anaporudi

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kudhani kwamba shida imekwisha. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi 4 baba yake alipoondoka, na miezi 13 aliporudi. Siku zote hizo alikuwa akiibusu picha ukutani kabla ya kulala. Baba alipoingia, mtoto alificha uso shingoni mwangu. Nikamwambia, "Baba huyu hapa," naye akageuka akanyoosha kidole kwenye picha. Mume wangu hakumnyang'anya mikononi mwangu. Aliketi sakafuni hatua chache kutoka kwetu, akaanza kupanga vikopo kimoja juu ya kingine bila kumtazama. Ilichukua karibu saa nzima hadi mtoto akashuka, akatambaa, akaviangusha vyote, akamtazama usoni kuona atafanya nini. Akavipanga tena.

Mwendo uwe huo. Kwa wiki za mwanzo adhabu na makatazo yabaki kwako, wakati yeye anashika jambo moja la kila siku, kama kuoga au hadithi ya usiku, na kulifanya bila kukosa mpaka liwe lake. Mpe nafasi ya kulala, na wafundishe watoto wasimrukie ghafla akiwa usingizini. Nawe utakuta unaudhika anapobadilisha mpangilio ulioujenga peke yako. Mwambie hivyo wakati watoto wamelala. Hofu au hasira zake zikizidi, atafute msaada wa tabibu wa kikosi mapema.

Ile chupa ya vifungo tulimwachia binti yetu aimwage yeye mwenyewe mbele ya baba yake. Alivitandaza sakafuni, akataka baba avihesabu vyote, na alipopotea njiani akamwanzisha upya. Kisha vikarudi mfukoni, na mfuko ukarudi juu ya kabati, kwa kuwa tunajua kwamba amri nyingine itakuja.