Somo: Kuchagua mkono wa roboti wa kuchomelea au wa kubebea mizigo

Ndugu wanachama, mwenye karakana mmoja hapa Tanga aliniuliza ni mkono upi wa roboti ulio bora, kabla hajanieleza anataka kuufanyia kazi gani. Somo hili linaanzia hapo, kwa sababu mkono unaofaa kubeba mifuko ya saruji kule Pongwe haufai kuunga fremu za viti, hata kama bei zao zinakaribiana.

Hatua ya kwanza: pima uzito utakaoning'inia kwenye kifundo, yaani ncha ya mkono inayofungwa kifaa cha kazi. Tuseme mkono utainua mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kwa wakati mmoja, na koleo la kuishikia lina kilo 60. Jumla ni kilo 160, hivyo mkono ulioandikwa kilo 165 utakuwa umebanwa mno, hasa mzigo ukikaa mbali na bamba la kifundo, kwani umbali huo huongeza msokoto kwenye viungo. Soma mchoro wa mizigo wa mtengenezaji, unaoonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali, usiishie kwenye ile namba kubwa ya tangazo. Kwa kuchomelea kwa arki, yaani kwa cheche ya umeme, tochi (kifaa cha kuchomelea kinachofungwa kwenye kifundo) ni nyepesi: mikono ya FANUC ARC Mate 100iD na Yaskawa AR1440 yote hubeba kilo 12 na hufika takriban meta 1.44. Kuchomelea kwa nukta, yaani kubana mabati na kuyaunga sehemu moja moja, ni jambo jingine, maana koleo lake peke yake linaweza kufika kilo 100.

Hatua ya pili: hesabu viungo. Kupanga mifuko juu ya paleti (jukwaa la mbao la kupangia mizigo) kunahitaji viungo vinne tu, kwa kuwa mfuko hubaki umelala. Tochi lazima ibadili pembe kila mshono unapogeuka, kwa hiyo hapo chukua viungo sita, tena kifundo chenye tundu la kupitishia waya na gesi.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi, nayo ni jigi, yaani kishikio kinachoshika vipande mahali pale pale kila mara. Mkono mzuri hurudi mahali pale pale kwa tofauti isiyofika milimita 0.1, lakini bomba lililokatwa kwa grenda ya mkononi likipishana na mwenzake kwa milimita 3, roboti itamwaga chuma pembeni ya mshono bila kujua. Kwa maoni yangu, fedha ya msumeno mzuri na jigi imara itengwe kabla ya fedha ya roboti.

Mwisho, hakikisha una umeme wa fezi tatu, kabati la umeme lililozibwa vizuri dhidi ya vumbi na hewa ya chumvi, na uzio ambao mlango wake ukifunguliwa mkono husimama. Wakati wa kuufundisha mkono, yaani kuuonyesha njia ya kupita, mwendo usizidi milimita 250 kwa sekunde.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina mkono wa kubebea. Naweza kuufungia tochi?

Jibu: Inawezekana, iwapo kidhibiti chake, yaani kompyuta inayouendesha, kinakubali programu ya kuchomelea na kinaweza kuwasiliana na mashine yako ya kuchomelea. Kebo zitapita nje ya mkono, nazo hujisokota na kuchakaa mapema, hivyo uzikague mara kwa mara.

Swali: Nimepata mkono uliotumika, uliokaa bohari muda mrefu. Ukiwashwa unasema haujui ulipo. Je, umekufa?

Jibu: Mara nyingi betri zinazotunza kumbukumbu ya mahali kila kiungo kilipo ndizo zilizokwisha. Weka mpya, kisha rudisha kila kiungo kwenye alama yake ya sifuri kwa kufuata kitabu cha mashine. Tangu hapo uzibadilishe kwa wakati, mashine ikiwa imewashwa na kitufe cha dharura kimebonyezwa.

Swali: Natengeneza mageti na madirisha, kila mteja na vipimo vyake. Ninunue upi?

Jibu: Usinunue kwa sasa, ndugu yangu. Kila kipimo kipya kinadai jigi na programu yake, na fundi wako atakuwa amekwisha kumaliza geti kabla hujamaliza kuifundisha roboti. Ukipata oda ya vipande mia kadhaa vinavyofanana, njoo tufanye hesabu upya.