Kupima kwa kompyuta usalama wa kemikali za vifungashio vya chakula

Anza na molekuli, programu baadaye. Tafuta namba ya CAS (namba ya utambulisho ya kila kemikali), andika muundo kwa SMILES (njia ya kuandika molekuli kwa mstari wa herufi), kisha uulinganishe na mchoro. Makosa mengi huingilia hapa: sehemu ya chumvi iliyoungana na molekuli haijaondolewa, au jina la biashara limeficha mchanganyiko wa kemikali kadhaa. Polima yenyewe, yaani mnyororo mrefu wa plastiki, iache. Shughulikia monoma (molekuli ndogo zinazoujenga), viongezeo na mabaki yake, hasa molekuli zisizofika daltoni 1,000 (kipimo cha uzito wa molekuli), kwani ndizo zinazopenya utumbo.

Halafu kokotoa kiasi kinachoingia chakulani, ukichukulia kwamba chote kinahama. Kwa desturi ya Ulaya, kilo moja ya chakula hugusa desimita 6 za mraba za plastiki. Filamu ya mikromita 50 yenye densiti ya gramu 0.92 kwa sentimita ya ujazo ina gramu 2.76 katika eneo hilo. Kiongezeo kikiwa miligramu 500 kwa kilo ya plastiki, chakula kinapata miligramu 1.38. Mtu wa kilo 60 akila kilo hiyo kwa siku, anapata mikrogramu 23 kwa kila kilo ya uzito wake.

Sasa uliza kama molekuli inaweza kuharibu DNA. Tumia modeli mbili za aina tofauti, kutoka programu mbili zinazokadiria sumu kwa kutazama muundo wa molekuli: Toxtree inayofuata kanuni, na VEGA yenye modeli za kitakwimu, zote ni za bure. Zikipingana, usichague jibu linalokupendeza. Fungua molekuli za mfano ambazo VEGA imezitumia: kama hazina kikundi kile kile cha atomu, molekuli yako iko nje ya mipaka ya modeli na jibu halina uzito. Jibu la “Hakuna tahadhari”, yaani programu haikuona dalili ya hatari, mara nyingi maana yake ni kwamba modeli haijawahi kukutana na kitu kama hicho.

Tahadhari ya DNA ikibaki, kikomo ni mikrogramu 0.0025 kwa kilo ya mwili kwa siku. Isipokuwepo, Toxtree itakupa daraja la Cramer, yaani kundi la sumu inayokadiriwa kutokana na muundo, na kila daraja lina kikomo chake kwa kilo ya mwili kwa siku: la I ni mikrogramu 30, la II ni 9, la III ni 1.5. Organofosfati na kabameti (makundi ya kemikali yenye viuadudu vingi) zina kikomo chao, 0.3. Metali, chembe za nano, vitu vya aina ya dioksini na misombo ya N-nitroso havipimwi kwa njia hii kabisa.

Kwa hiyo mikrogramu 23 za mfano wetu ziko chini ya kikomo cha daraja la I, ila ni mara 15 ya kikomo cha la III. Hapo kokotoa uhamaji kwa modeli ya Piringer, inayokadiria kiasi kinachotoka kwenye plastiki kuingia chakulani, ukiweka joto na muda halisi wa kuhifadhi. Ikizidi bado, nenda maabara. Rudia hesabu kwa mtoto wa kilo 12: kwa kilo ile ile ya chakula, kiasi kinakuwa mara tano.