Umenunua mpira mkali wa bolingi? Hivi ndo unavyoupima kwenye mafuta tofauti

Mtu ananunua mpira wa karibu dola 200, fundi anamtobolea matundu ya vidole, anaenda kuurusha gemu mbili kwenye ukumbi wa karibu na kwao, mpira unamkatia kona vibaya mno, anarudi anasema huu mpira hauna adabu kabisa. Mwingine ana mpira uleule, anarusha ukumbi mwingine, anakuambia hajawahi kushika mpira mzuri kama huo. Wote wanasema kweli, shida ni kwamba walichopima ni mafuta ya leni, mpira wenyewe bado. Naandika hii kwa sababu nimeona watu wanauza mipira mizuri kwa bei ya kutupa baada ya wiki mbili tu, na inaniuma.

Mi ntatumia mfano wa Storm Phaze II ya paundi 15 kwa sababu ndo ninayoirusha na watu wengi wanaijua. Narusha mkono wa kulia, kwaiyo wewe wa kushoto geuza kila kitu, na ninaposema pini ya 10 kwako ni ya 7.

Tuanze na leni, maana hapo ndo penye siri yote. Kutoka mstari wa faulo, ule usiotakiwa kuuvuka ukirusha, mpaka pini ya 1, ya mbele kabisa, ni futi 60, upana wake mbao 39. Mashine inapaka mafuta kuanzia karibu na mstari yanaishia njiani huko, futi 40 hivi, baada ya hapo ni pakavu mpaka kwenye pini. Na mafuta yenyewe ni machache kuliko unavyodhani, leni nzima mara nyingi ni kati ya mililita 20 na 30, hata kikombe cha kahawa chungu hakijai, ila hayo machache ndo yanayoamua kila kitu. Kwenye kumbi za kawaida wanajaza katikati pembeni wanaacha kidogo, uwiano unaweza kufika 8 kwa 1 au 10 kwa 1, kwaiyo ukikosea ukatupa nje kidogo pakavu panaurudisha mpira, ukikosea ndani mafuta yanauzuia usikate mapema, yaani leni inakubeba. Mafuta ya mashindano magumu uwiano hauzidi 3 kwa 1, hapo hubebwi na kitu, ubao mmoja tu ukikosea unalipa.

Uliza urefu wa mafuta kabla hujavaa viatu. Wengine wanaona aibu kuuliza, usione aibu, jamaa wa mashine atakuambia. Ukishapata urefu toa 31, inayobaki ndo namba ya ubao, ukihesabu kutoka kulia, ambao mpira unatakiwa uwe karibu nao pale unapoanza kugeuka. Mafuta futi 41 ni ubao wa 10, futi 35 ni ubao wa 4 yaani pembeni kabisa karibu na gata (mtaro wa pembeni), futi 45 ni ubao wa 14. Ni makadirio lakini yanakuokolea fremu (zamu za kurusha) nyingi za kubahatisha.

Alafu soma namba za mpira wako, ziko kwenye boksi au kwenye tovuti ya kampuni. Phaze II ya paundi 15 ina RG 2.48, RG ni kipimo cha uzito umekaa karibu au mbali kiasi gani na katikati ya mpira. Sheria za USBC, chama cha bolingi cha Marekani, zinaruhusu kuanzia 2.46 mpaka 2.80, kwaiyo 2.48 iko chini kabisa, maana yake kiini chake kinawahi kuanza kuviringika. Diferensho yake ni 0.051 na mwisho unaoruhusiwa ni 0.060, yaani sehemu ya gamba inayogusa leni inahama sana kila mpira unapozunguka. Gamba ni reaktivu (resini inayoshika leni) aina ya solidi, isiyo na chembe za lulu, limetoka kiwandani limesuguliwa na pedi ya 3000, pedi ni kama msasa, halijang'arishwa. Ukiunganisha hayo matatu unajua kabla hata hujarusha kwamba huu mpira unapenda mafuta, kwenye leni kavu utakusumbua, na hiyo sio kasoro, ndo kazi iliyotengenezewa.

Siku ya kupima beba mpira wa zamani unaoujua vizuri, hilo usiliruke. Rusha mitatu minne na ule wa zamani kwanza, ndo ujue leni leo ikoje na mwili wako leo ukoje, maana kuna siku umechoka spidi imeshuka unausingizia mpira mpya. Simu iweke nyuma yako irekodi. Simama ubao uleule, lenga mshale uleule kati ya ile iliyochorwa kwenye leni, spidi ileile, hata kama unakosa straiki (kuangusha pini zote kwa mpira mmoja) USISOGEE kwa mipira mitano ya mwanzo. Najua inauma ukiona inaenda pini ya 3 inaenda pini ya 3 lakini ukianza kusogea mapema unapima akili yako ya kurekebisha, mpira haujaupima.

Video unaangalia sehemu tatu. Pale kwenye mishale, futi 12 mpaka 16 hivi, mpira unatakiwa uwe bado unateleza. Pale unapogeuka, futi 40 na kitu, angalia uligeuka kwenye ubao wa ngapi na uligeuka ghafla au taratibu kama upinde. Alafu pini.

Kwenye pini ntakaa kidogo maana watu wengi wanaangalia tu zimeanguka ngapi. Mpira umeingia poketi safi, kati ya 1 na 3, tisa zimelala, ya 10 imesimama inakuangalia. Iangalie pini ya 6, ile iliyo mbele ya 10, ilivyoenda. Kama ya 6 iliruka ikazunguka shingo ya 10 bila kuigusa, mpira ulifika na nguvu zake zote, pembe tu ilikosea kidogo, sogeza mguu ubao mmoja au rudi nyuma inchi chache inatosha. Ila kama ya 6 ililala kimya ndani ya gata mbele ya 10, hapo mpira ulifika mchovu ukasukumwa pembeni na pini. Sasa umechoka kwa nini? Rudi kwenye video. Kama ulianza kukata mapema, kabla ya futi 40, ulimaliza nguvu njiani, gamba ni kali mno kwa leni hiyo. Kama uliteleza teleza mpaka mwisho ukageuka umechelewa, gamba ni laini mno. Pini ileile moja imesimama lakini dawa zake ni mbili zinazopingana, na nimeona mtu anasugua mpira uwe mkali zaidi wakati tatizo lilikuwa ukali.

Raundi ya kwanza iwe kwenye mafuta mapya ya ukumbi. Raundi ya pili leni ileile baada ya gemu tatu nne, watu wakishapita sana kwenye mshale wa pili, hapo mafuta yameshabebwa na mipira na njia imekauka. Phaze hapo inaanza kushika mapema, unasogea kushoto mbao mbili, fremu tano baadaye mbili tena, na swali la kujiuliza ni unaweza kusogea mpaka wapi kabla haujaanza kufika mchovu. Wangu ukishanilazimisha nilenge mshale wa nne nauweka chini nachukua wenye gamba la lulu uliong'arishwa, unaoteleza zaidi. Hiyo ndo taarifa ya maana kuliko straiki kumi za mwanzo, kujua mpira unakuacha saa ngapi.

Katikati ya raundi hii chukua mpira ukiwa umerudi, usiufute kwanza, uangalie kwenye mwanga. Utaona mikanda ya mafuta imejipanga, inakutana sehemu mbili kama fundo la tai alafu inafunguka katikati. Mikanda ikiwa imeachana vizuri kila mzunguko unagusa leni na sehemu safi ya gamba. Ikiwa imebanana imekuwa kama mmoja, ama umetobolewa kwa mpangilio wa kupunguza nguvu ama mizunguko ya mkono wako ni michache, na mkanda ukipita juu ya tundu la kidole mrudie fundi, utasikia mpira unagonga gonga ukiviringika. Ukishaona ufute na taulo kavu, kila unaporusha.

Mafuta marefu au mengi, futi 44 kwenda juu, ndo nyumbani kwa mipira ya aina hii, na hapo ndo ule uliouona mkorofi kwenye leni kavu unatulia unakata kona moja nzuri ya kueleweka. Cheza ndani zaidi, usilazimishe kwenda pembeni. Mafuta mafupi ya futi 35 kushuka ni kinyume, unataka kucheza karibu na gata na mpira mpole, gamba la yurethani, linalogeuka taratibu, linafaa sana hapo, na solidi ya 3000 usishangae ikikuvukia kwenda upande wa pili. Jaribu mara chache ujue tu, usikasirike.

Kabla hujasema mpira mbovu badilisha gamba lake. Pedi za Abralon zinazotumika sana ni 500, 1000, 2000, 3000, 4000, namba ikiwa ndogo gamba linakuwa na meno na linashika mapema, namba ikiwa kubwa linateleza zaidi. Ukiona unachoka mapema panda 4000 au ng'arisha, ukiona hauamki shuka 2000, alafu rudia raundi zote. Ni dakika chache kwenye mashine ya kuzungusha na mpira unakuwa kama mwingine. Fanya kabla, kwa sababu mashindano rasmi yakishaanza huruhusiwi kuusugua. Na kama ni mtumba angalia tundu la ziada lisiloingia kidole, tangu tarehe 1 Agosti 2020 USBC haikubali, kwaiyo jumlisha gharama ya kuziba. Wa mtumba pia unaweza kuwa umeshakunywa mafuta miaka mingi, usafishwe kwa kina kwanza ndo upimwe.

Kwa mlioko Ghuba, mpira usilale kwenye buti la gari. Joto lile linaupasua.

Andika kila kitu siku hiyohiyo, mi nina daftari dogo. Ukurasa wa Phaze unasomeka hivi: mafuta futi 41 mapya, miguu ubao wa 25, mshale kati ya wa pili na wa tatu, inageuka ubao wa 9, ya 6 inazunguka shingo, safi. Baada ya gemu 4, miguu ubao wa 31, ya 6 inalala gata, badili mpira. Futi 45, pedi 2000, miguu ubao wa 29, inageuka ubao wa 14, usiguse kitu.